Mama Paskali Katika Ubeti wa Pili

Nilikuwa sokoni Endagikot nachagua nyanya, mtoto mgongoni, kijana wa bodaboda akafungulia spika yake nikasikia sauti yangu. Shikamooni kwanza mama zangu, nisionekane sina adabu. Sauti yangu mimi. Nikaenda kuangalia simu yake. Kwenye video yupo dada mmoja wa nywele za dukani, anafumbua mdomo, ninayetoka ni mimi. Nyanya nikaziacha palepale.

Ndugu zangu wa jumuiya, nawaambia ilivyoanza. Mnanijua kwa palizi. Huku Maretadu tukialikana kupalilia, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na mwanzishaji lazima amtaje mwenye shamba, la sivyo umekula makande yake bure. Nyimbo zangu zote zimetoka hapo. Watu wananiuliza natunga vipi. Mimi situngi nimekaa. Mgongo ukianza kuuma ndipo maneno yanakuja.

Akaja huyo mwanaume, jina simtaji, mwenye studio mjini. Akasema sauti yangu inamtoa machozi. Nilikuwa ndiyo nimemaliza kidato cha nne, nikaamini. Nilimpenda, sikatai, na kupenda si kosa. Nilirekodi wimbo mmoja wa palizi nikiwa na mimba yake. Mtoto alipozaliwa nikamuuliza wimbo unatoka lini. Akanijibu, "Sauti unayo. Ila nani ataangalia video ya mzazi anayenyonyesha?" Baada ya hapo simu zangu hakupokea tena.

Nikanyamaza. Hata mtoto nilishindwa kumwimbia, nikawa namtikisa tu kama gunia. Kwenye palizi nilijificha mwisho wa mstari. Mama Paskali, yule pale karibu na mlango, akaniambia, "Wewe binti, magugu yangu yamezoea kuimbiwa. Ukinyamaza hayang'oki." Sikucheka. Lakini kila jioni alikuja, akamchukua mtoto, akaniambia nenda kalale.

Kwa hiyo kutoka sokoni nilikwenda kwake. Nikamchezea ile video, yule kijana alikuwa amenirushia. Akasikiliza, akasema, "Rudisha nyuma." Nikarudisha. "Hapo nimeitwa."

Kweli. Ubeti wa pili, kwa Kiiraqw chetu, nilimtaja yeye mwenye shamba, na mteremko wake wa mahindi na maharage. Mwanaume yule hajui lugha yetu. Alidhani ni madoido ya sauti, akayaacha. Na yule dada naye amefumba macho kwa hisia, anamwita Mama Paskali.

"Mtoto mzuri huyu," Mama Paskali akasema, "ila shambani kwangu sijamwona. Na kucha hizo angeng'oa nini?"

Tulicheka mpaka mtoto akashtuka, akalia. Ili anyamaze nikamwimbia, palepale jikoni, mara ya kwanza tangu nimzae. Nikaona kumbe alichochukua yule ni wimbo mmoja. Unakotoka bado ninako.

Nawashukuru ninyi mlioacha mashamba yenu mkaja nami ofisi ya kata kumshtaki. Mtendaji aliposema yule mwanaume anakana, akauliza shahidi wangu ni nani, mkaitikia ubeti wote mlemle ndani, na mgambo mlangoni akaitikia na yeye. Mama Paskali, umenilelea mtoto na umenilea mimi. Nashukuru mbele ya Mungu. Dada wa video sina ugomvi naye, huenda kadanganywa kama mimi. Wadogo zangu, pendeni, ila mtu asiwafanye mnyamaze. Hasira bado ninayo, sikuja hapa kuitubu.

Lalamiko nililoandikisha ni hili, nalisoma lilivyo:

"Sauti na maneno ya wimbo huo ni yangu. Siombi mlalamikiwa anirudie. Naomba jina langu liandikwe kwenye wimbo, na jina la Mama Paskali lisikatwe. Mlalamikiwa anasema sauti hiyo si yangu. Yeye ni baba wa mtoto wangu, na mtoto huyo wimbo ukipigwa hugeuka kunitafuta mimi."