Motere Iliyoning'inia Juu ya Shimo Langu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi wa mabenchi ya nyuma, asifiwe tena!

Mnanijua, fundi Kasongo wa Kasulo. Mnajua pia kwamba nyumba yangu haina mama. Mke wangu Odette alirudi Kisenge kwa wazazi wake, na mtoto wetu, siku nilipoanza kuchimba kobalti uwanjani kwetu. Alisema hatalaza mtoto juu ya shimo. Nikamwacha aende, kichwa changu kigumu! Shimo halikunipa kitu ila kikohozi. Nikalifunika haraka haraka kwa mifuko ya mchanga, nikarudia ufundi wa magari. Lakini hamu ya Odette, ndugu zangu, haifunikiki. Nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu, ya watu watatu, halafu naitazama ikipoa.

Juzijuzi nikaamua kumfuata na gari langu kuukuu. Ambriyaje, yaani klachi, ilikuwa imekufa: motere inanguruma, gari haliendi. Kuifikia lazima ushushe buate ya vitesi, lile sanduku la gia, na ukiishusha, motere inabaki bila mshiko nyuma, lazima ishikwe kutoka juu. Nikasimamisha mabomba matatu, nikayafunga vichwa pamoja, nikaning'iniza motere kwa mnyororo. Jirani yangu tata Mwamba, fundi mzee, akachungulia.

"Mutoto wangu, usilale chini ya kitu yenye kushikwa na mukono moja. Ongeza na ya pili."

Nikacheka. Haraka ya Kisenge ilikuwa imenijaa. Yeye hakungoja ruhusa yangu. Akakingamisha chuma kinene juu ya mabawa mawili ya gari, kushoto na kulia kwa motere, akaifunga motere hapo kwa mnyororo mwingine.

Nikaingia chini ya gari, nikaifungua buate. Ndugu zangu, bomba la tatu nilikuwa nimelisimamisha juu ya ile mifuko yangu mwenyewe, niliyofunikia shimo! Ardhi ikalimeza bomba lile, mabomba yakaanguka kwa kishindo, motere ikashuka, ikasimama kwenye chuma cha tata Mwamba, vidole viwili tu juu ya kifua changu. Haleluya! Na niseme kweli mbele ya Mungu: sikuita Yesu. Niliita Odette. Yesu ndiye aliyeitika. Nikatoka nikitambaa.

Siku hiyohiyo nikampigia Odette simu, nikamweleza yote, nikaomba msamaha kwa machozi.

"Toa ile mifuko," akasema. "Jaza udongo na mawe, pigilia muzuri. Siku nitakuya, nitasimama hapo hapo, miye na mutoto."

Nimepigilia majuma mawili sasa. Hajaja. Kila pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya nyumba, natoka mbio, na majirani wananicheka. Wacheke!

Asante Yesu! Asante tata Mwamba; simama, baba, wakuone. Na wewe uliyelala chini ya kitu ulichokifunga peke yako, mtegemee Bwana leo, usione haya kusaidiwa. Mniombee, wapendwa. Udongo umeshikamana. Namngoja aje akanyage.