Mama Utumishi na Watu wa Ghorofani

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliokalishwa juu ya matofali, katikati ya kibanda cha kinyozi na duka la fotokopi. Ng'ambo ya barabara kuna jengo la ghorofa moja: chini wanauza rangi na misumari, juu kuna chuo cha ushonaji chenye ukumbi mdogo. Kila Jumatano ikikaribia saa kumi na moja jioni, watu waliotoka makazini mwao hupanda ngazi za jengo lile, mmoja mmoja, na mikoba yao. Ni tawi la kanda la chama cha maofisa utumishi, wale wanaoajiri watu, wanaotunza mafaili yao na, siku ikifika, wanaowapa barua za kuondoka. Jumatano hii Winchi aliwahi kufika benchini. Alikuwa dereva wa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, katika kiwanda cha magodoro kwa miaka kumi na minne, na jina la Winchi alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikataa mzigo. Kiwanda kilifungwa wiki tatu zilizopita. Tangu hapo alikuwa akija, anakunywa kahawa bila neno, anaondoka. Leo alikuja na bahasha ya kaki, akaiweka mapajani na kuishika kwa mikono miwili.

Shangazi, muuza kahawa, ambaye si shangazi wa yeyote pale lakini hakuna anayemwita vingine, alimmiminia kabla hajaomba.

— Leo una sura ya mtu aliyeona kitu, alisema.

— Nimeona watu, Shangazi. Tangu Jumamosi sijakaa sawa.

Kinyozi alisimamisha mashine yake mlangoni. Huyu wanamwita Hakimu, kwa kuwa hakuna kesi asiyoitolea hukumu, iwe imemfikia au haijamfikia.

— Umewaona wapi?

— Pale juu. Nilipanda.

Benchi zima likamgeukia. Walijua vizuri kwamba Winchi alikuwa ameapa hatakanyaga ngazi zile. Mwenyekiti wa tawi lile ndiye aliyekuwa afisa utumishi wa kiwanda cha magodoro. Wafanyakazi wakimwita Mama Utumishi. Siku ya barua ndiye aliyesimama getini na boksi, akamkabidhi kila mtu barua yake yenye sahihi yake yeye. Winchi alipofikiwa alikataa kusaini kuwa amepokea. Akamwambia mbele ya watu mia mbili, wewe mama umetuzika tukiwa hai, na usiku hutalala. Yule mama alimnyooshea tu kalamu, na mkono ukabaki hewani mpaka Winchi alipompa mgongo.

— Sasa kilichokupandisha nini? aliuliza Hakimu.

— Mke wangu. Alipata habari kwamba Jumamosi wale watu wa tawi wanasaidia waliopoteza kazi kudai mafao yao. Akaniambia hasira zako zisimtie binti yangu njaa, vaa shati uende. Nikavaa.

— Mimi nilijua, alidakia Karatasi, mwenye duka la fotokopi. Fomu zao nilizitoa mimi. Ijumaa nzima mashine yangu inaunguruma. Nikasema hawa leo wana harusi.

— Karatasi, acha mwenzio aseme, Shangazi akamkatiza.

Winchi alikunywa funda moja.

— Nimefika pale saa mbili asubuhi, nikidhani nitakuta watu watatu na hotuba. Nimekuta meza ishirini na sita. Kila meza ina ofisa wake. Mmoja wa hospitali, mmoja wa shule za sekondari, mmoja wa kiwanda cha saruji, mwingine wa hoteli. Si wa kwetu hata mmoja. Yule wa saruji alitoka kwake alfajiri, kasafiri kwa basi mwendo wa masaa matatu. Dada mmoja ana mtoto mgongoni, anaandika huku anabembeleza. Nikamuuliza, dada, kampuni yenu imewatuma? Akacheka. Akasema kampuni haijui hata niko wapi, leo ni siku yangu ya kufua.

— Basi wamelipwa na makao makuu, alisema Hakimu.

— Makao makuu gani? Karatasi alicheka kwa dharau. Makao makuu yao kazi yao ni kutuma fomu. Ripoti ya robo mwaka, orodha ya wanachama, mpango kazi. Yule mama huja hapa saa ya chakula cha mchana, badala ya kula anachapisha. Nimemtolea mahudhurio miaka sita. Nikwambieni siri: kuna Jumatano walikuwa wanne. Wanne, na mmoja alikosea mlango, alitafuta kozi ya kushona. Wakafanya mkutano hivyo hivyo, na muhtasari wakaandika, nikautoa nakala.

— Na uchaguzi? aliuliza Hakimu.

— Uchaguzi kila mara anayekosekana ndiye anayechaguliwa. Katibu wao alipewa kazi akiwa leba. Mwenyekiti alisema mara mbili anaachia ngazi. Kila akiuliza nani anapokea, watu wanaangalia viatu.

Hakimu alikung'uta nywele kwenye kitambaa, polepole, kama mtu anayejiandaa kusoma hukumu.

— Nimeelewa. Huyo mama anataka ubunge. Hakuna mtu anatoa Jumamosi yake bure. Mia mbili wakisaidiwa, na wake zao, na waume zao, hizo ni kura.

— Miaka sita anatafuta kura kwa watu wanne? aliuliza Shangazi.

— Hiyo ndiyo mbinu. Unaanza taratibu, hakuna anayekushtukia.

— Mimi naona anafungua kiwanda chake, alisema Karatasi. Fikirini. Watu wote wale, anawajua mmoja mmoja, ujuzi wao, ulevi wao, nani mchelewaji. Siku moja anapiga filimbi, mia mbili wanaingia kazini bila kuhojiwa.

— Kiwanda atakiendesha kwa fomu? Hakimu alikataa. Hapana. Nafuta kauli ya ubunge. Hawa wanapimwa. Kuna mahali pamekaa wakubwa, wanatazama katika kila kanda ni nani atafanya kazi bila kulipwa na bila kusifiwa, asichoke. Atakayebaki wa mwisho anakabidhiwa nchi.

Shangazi alitikisa kichwa, lakini hakucheka.

— Nyinyi wanaume mnahangaika. Yule mama ameweka nadhiri. Mtoto aliugua, au yeye mwenyewe, akasema nikivuka hapa nitatumikia watu. Mimi naujua ule mwendo. Anapanda ngazi zile amechoka kuliko mimi, na hakuna siku nimemwona kageuka njiani.

Winchi aliwasikiliza wote. Kisha akafungua bahasha.

— Hamjasikia bado. Mlangoni alikuwa yeye, na orodha. Mimi nilitaka kupita nimeinamisha kichwa. Akanitaja. Jina langu, la baba yangu, la babu yangu, na idara. Watu wote walivyoingia, hakuna aliyeulizwa jina, na ile orodha hakuiangalia. Ananiambia, meza ya kumi na moja, wanakusubiri. Sauti ile ile ya siku zote, kama vile sikumwambia nililomwambia.

— Ukaomba radhi? aliuliza Hakimu.

— Nilipita tu. Nikaenda meza ya kumi na moja. Yule wa saruji. Ananiuliza nimefanya kazi miaka mingapi, nasema kumi na minne. Anaangalia kompyuta, anasema hapa inasoma minane. Miaka sita ya mwanzo nilikuwa kibarua, na vibarua hawakuandikwa popote. Miaka sita, jamani. Mgongo huu niliuharibu miaka ile.

Ndani ya kibanda cha kinyozi, mteja aliyenyolewa nusu kichwa alitoa shingo nje ili asikie.

— Yule bwana akaniambia subiri. Akainama chini ya meza, akatoa faili. La karatasi, limejaa vumbi, jina langu juu. Ijumaa, Mama Utumishi na wenzake wawili walikwenda stoo ya kiwanda, umeme umeshakatwa, wakatoa mafaili yote kwa tochi za simu. Mia mbili na kumi na mbili. Wakayabeba wenyewe mpaka pale juu.

— Kwa ngazi zile, alisema Karatasi taratibu.

— Kwa ngazi zile. Tukafungua. Ya kwanza kabisa ni fomu ya ruhusa, siku mbili, mke amejifungua. Nimeiandika mimi, na mwandiko wangu mbaya, binti yangu ana siku moja duniani. Kumbe kuna mtu aliitunza. Yule bwana akasema hii inatosha kuonyesha ulikuwepo mwaka huo. Akaendelea kufunua. Akafika mahali, akanigeuzia.

Winchi alitoa nakala tatu kutoka kwenye bahasha. Alizilaza juu ya ubao, akazipanga kwa kucha ya kidole gumba.

— Soma, Karatasi. Mimi nimezisoma mpaka nimechoka.

Karatasi alivaa miwani. Zilikuwa barua tatu za Mama Utumishi kwa uongozi wa kiwanda, kila moja mwaka wake. Zote ziliomba jambo moja: dereva wa foklifti wa zamu ya kwanza, anayefanya kazi kama kibarua, aajiriwe rasmi. Ya kwanza ilikuwa na mstari mwekundu na neno hapana. Ya pili iliandikwa pembeni kwamba mwombaji asirudie tena suala hili. Ya tatu alirudia.

— Na ya tatu ndiyo waliyokubali, alisema Winchi. Mimi nilipoajiriwa nilijua ni msimamizi wa zamu kanipigania. Nilimnunulia shati. Miaka minane kila nikikutana naye namwita bosi wangu. Na yule mama nikipishana naye koridoni, nasema moyoni, huyu ndiye anayetukata mshahara siku tukichelewa.

— Hakukuambia kamwe? aliuliza Shangazi.

— Angeniambia lini? Siku namtukana getini?

Hakimu alikuwa ameishusha mashine. Alitafuta hukumu, akaikosa, akakaa kwenye benchi kama raia wa kawaida. Ng'ambo, mwanamke wa makamo mwenye mkoba mweusi alikuwa akipanda ngazi. Aliweka mguu, akapumzika kidogo, akaweka mwingine. Walimtazama mpaka akaingia mlangoni.

Hapo ndipo muuguzi mmoja, ambaye alikuwa amesimama dirishani kwa Karatasi akisubiri vyeti vyake vitolewe nakala, akageuka. Alikuwa na sare yake bado, na sikio lake lilikuwa kwenye mazungumzo tangu Winchi alipoanza kusimulia.

— Samahanini, wakubwa. Mimi mgeni hapa. Kiwanda si kimefungwa chote?

— Chote, alijibu Karatasi.

— Na huyo mama aliyeandika barua alikuwa ameajiriwa hapo hapo?

— Hapo hapo.

— Sasa yeye amepata kazi wapi?

— Yule ni mwenyekiti, dada, alisema Hakimu.

— Si mmesema uenyekiti haulipwi?

Hakimu akamtazama Karatasi. Karatasi akamtazama Shangazi, na Shangazi akashughulika na vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

— Na Jumamosi, muuguzi aliendelea kwa upole, yeye alikaa meza ya ngapi?

Winchi alihesabu kichwani. Alimwona mlangoni saa mbili. Alimwona saa sita, anamwelekeza mama wa idara ya kushona vitambaa. Saa kumi, watu wakiondoka, bado alikuwa amesimama. Meza zilikuwa ishirini na sita, na katika zote hakumkumbuka ameketi hata dakika moja. Mafaili yalikuwa mia mbili na kumi na mbili, na yeye lake lilikuwa mojawapo, au pengine lake hakulitoa kabisa. Barua yake ya kuondoka lazima aliiandika mwenyewe, akajisainia, akajikabidhi.

— Sijui, dada, alisema Winchi.

Alizirudisha barua ndani ya bahasha, akaiacha kwa Shangazi, akavuka barabara.

Ukumbini mwanamke yule alikuwa peke yake, anafuta ubao ulioachwa na michoro ya magauni. Alimwona, akamtaja jina, akauliza kama fomu zake zina tatizo.

— Fomu zangu nzuri, mama. Nimekuja na mawili. La kwanza ni la getini. Nilisema neno baya mbele ya watu, na wewe ulikuwa na barua yako mwenyewe humo kwenye boksi. Nisamehe.

Aliacha kufuta. Akakunja kitambaa mara mbili.

— Ilikuwa ya mwisho chini kabisa, alisema. Si wewe uliyeninyima usingizi. Ile barua yenyewe ndiyo iliyonikosesha usingizi. Nimekusamehe. La pili?

— Wewe umepata kazi wapi?

Alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshikwa.

— Bado. Sijaandika hata wasifu wangu. Nikikaa niandike, simu inalia, kuna mtu hajapata cheti chake. Nimewaandikia watu miaka ishirini na tano, ikija zamu yangu sijui nianzie wapi.

Winchi alivuta kiti, akakisukuma upande wake. Akavuta kingine, akakaa ng'ambo ya meza. Alichukua karatasi ya mahudhurio, akaigeuza upande mweupe, akaomba kalamu.

— Mwandiko wangu unaujua, alisema. Utavumilia. Kazi ya kwanza ulianza wapi?

Mama Utumishi alisimama kwa muda, kama anayetafuta sababu ya kukataa. Kisha akakaa. Akaanza kueleza ofisi ndogo ya bandari ya mizigo, na taipureta iliyokosa herufi moja, na mkuu wake aliyemfundisha kwamba faili la mtu halitupwi. Winchi aliandika kwa bidii, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, na kila alipokwama aliuliza tena, na yeye alirudia kwa utulivu.

Wanachama walianza kufika. Katibu aliingia na daftari lake, nyuma yake wawili, nyuma tena watatu. Walimkuta mwenyekiti wao ameketi upande wa meza ambao hawakuwahi kumwona ameketi. Katibu aliangalia saa, akafungua mdomo aulize kama mkutano uanze.

Winchi alinyanyua mkono bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi.

— Tuvumilieni kidogo, alisema. Ndiyo kwanza tuko mwaka wa tatu.