Walisema Ni Sumu, Kumbe Mafuta Katika Damu

Wamama na wababa wa kikundi hiki, mumeniomba niseme namna nyumba yetu ilivyopona ugonjwa wa mafuta katika damu. Nitasema. Lakini musinipigie makofi kabla sijamaliza, maana wengine wenu mulikuwa hapa Misiera miaka ile na munajua jina nililoitwa. Niliitwa mchawi.

Mume wangu alikuwa muuza vitenge. Alichukua mzigo Kikagate, pale mpakani na Tanzania, akaupeleka Mbarara kuwauzia wake za wanajeshi kambini. Mtu mwembamba, mwenye mwendo wa haraka, hanywi pombe, havuti sigara. Siku moja akarudi ameshika kifua, anasema kuna kitu kinamkaba akipanda kilima na mzigo. Kikapita. Baada ya siku chache kikarudi.

Ndugu zangu, lazima muelewe kwamba mdogo wake alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Kijana bado. Alimaliza kula, akasimama kunawa mikono, akaanguka. Kwetu Kivu kifo cha namna hiyo kina jina: karuho, sumu ambayo mtu anakutilia kwenye chakula. Mke wa marehemu ndiye aliyepika siku hiyo. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alifungasha akiwa bado kwenye matanga, akavuka mpaka na watoto wake kwenda Tanzania.

Kwa hiyo mume wangu aliposhika kifua, macho yote yaligeuka kwangu.

Wifi yangu, dada yao mkubwa, alikuwa akiishi Ngarama. Alipopata habari alikuja, akasimama mlangoni, akakataa kiti, akakataa hata maji. Alimwita ndugu yake pembeni lakini akasema kwa sauti ili nisikie: "Mudogo yetu alikufia kwa sahani ya muke. Na wewe unangojea nini?"

Tangu hapo mume wangu aliacha kula nyumbani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu ameshiba, akaenda kulala. Wakampeleka kwa mganga wa kienyeji, akanyweshwa dawa ya kutapisha sumu, akatapika mpaka miguu ikamwisha nguvu. Mganga akasema sumu ni ya zamani, imeshika mizizi, arudi tena.

Na mimi, nawaambia ukweli, nikaanza kushuku watu. Nilimshuku wifi, labda anataka ile biashara ya vitenge. Nilimshuku mganga. Nilimshuku jirani aliyekuja kuomba moto. Nilifika mahali pa kunusa chumvi yangu mwenyewe, nikijiuliza kama kuna aliyeingia jikoni nilipokwenda kuteka maji. Munacheka, lakini nyumba ikishaingia jambo hilo, hata chumvi inakutisha.

Alipodhoofika nilimfuata Mbarara kumbebea mzigo. Mke wa mwanajeshi mmoja, mteja wake wa siku nyingi, akanivuta kando. Akaniambia kwa Kiswahili chao cha kambini: "Mama, bwana yako nakula hapa nje kila siku. Nyama ya kukaanga, chapati ya mayai, sambusa. Kwako hapana pika?"

Nikamweleza yote. Yule mama akanieleza kwamba mume wake pia alishikwa kifua hivyo hivyo, na hospitali wakakuta damu yake imejaa mafuta. Akasema, "Peleka yeye hospitali. Kama ni wewe, watajua. Kama hapana wewe, pia watajua."

Neno hilo ndilo nililompelekea mume wangu. Nilimwambia sina pa kukimbilia, na ninaomba nipimwe kupitia damu yake. Alikubali kwa sharti moja, kwamba dada yake aende naye, asije akabaki peke yake na mimi njiani. Tukaenda watatu, wifi amekaa katikati yetu, ameshika chupa ya maji aliyotoka nayo kwake.

Ndugu zangu, sikilizeni hapa. Daktari alimpima, akatoa damu, akampima na moyo. Majibu yalipotoka alimsogeza mume wangu kwenye dirisha, akamgusa karibu na jicho. Alikuwa na vialama vya njano kwenye kope, kama mabaka madogo ya siagi. Na nyuma ya kisigino, uvimbe mgumu. Sisi tulidhani ni viatu.

Daktari akauliza nani mwingine katika familia alikuwa na alama hizo. Mume wangu akasema ni ndugu yake, na amekufa.

"Alikufa namna gani?"

"Banasema ni karuho."

Daktari alikuwa anamtazama wifi. Akamwomba naye asogee kwenye mwanga, alegeze kitambaa alichojifunga mpaka kwenye nyusi. Alama zilikuwepo, macho yote mawili. Akatolewa damu papo hapo, na majibu yake yakawa mabaya kuliko ya mume wangu.

Daktari akasema taratibu: "Hii mafuta munazaliwa nayo. Imetoka kwa wazazi. Hakuna mutu aliweka kwa sahani."

Wifi alikuwa hajawahi kula chakula changu tangu nilipoolewa. Hakuna aliyehitaji kumwambia hilo. Tulirudi, na safari hii hakukaa katikati.

Musidhani mambo yaliisha hapo. Mume wangu alipewa vidonge, akaambiwa vidonge na chakula viende pamoja, na wagonjwa wa namna yao chakula peke yake hakiwatoshi. Chakula kingetoka wapi kama si kwangu? Nikatoa jiko nje, nikapikia mbele ya watu, nikala mimi kwanza. Sombe, majani yetu ya muhogo, nilikuwa naimwagia mafuta ya mawese mpaka inang'aa. Nikaanza kuipika kwa karanga za kusaga, mawese kijiko tu. Maharage nikayachemsha na vitunguu saumu na nyanya, bila kukaanga. Samaki wa ziwani nikamfunga kwenye jani la mgomba. Asubuhi uji wa ulezi, mandazi basi. Nyama mara chache, na mafuta yake naondoa. Mume wangu alilalamika kwamba ni chakula cha mfungwa. Lakini alikula, na sahani ikarudi tupu.

Wifi yeye aliogopa vidonge. Akanunua Mbarara dawa kwa mtu mwenye kipaza sauti aliyeapa kwamba ni ya asili, inakamua mafuta yote kwenye mishipa. Nilipoiona niliishuku. Kwenye chupa hapakuandikwa ni mmea gani. Nilimsihi amwonyeshe daktari kwanza. Akaniuliza, "Ama unataka nikufe?" Nikamrudishia chupa yake, maana lile neno la sumu bado lilikuwa bichi kati yetu.

Haukupita muda akaja mwenyewe. Macho yamekuwa manjano, mkojo kama chai isiyo na maziwa. Nilimpeleka hospitali na chupa yake mkononi. Walisema ini limeumia, aache kabisa. Akauliza kama kitunguu saumu nacho ni hatari. Daktari akasema kile ni chakula, ale chakulani, lakini kisichukue nafasi ya dawa. Alipokuwa anapata nafuu alikaa kwangu, akala nilichopika, bila kuuliza, na ini lilipopona akaanza vidonge vya daktari.

Walipopimwa tena, mafuta yalikuwa yameshuka, ya wote wawili. Watoto wetu nao tumewapima. Mmoja anayo, na tunamlea hivyo hivyo.

Nashukuru yule mama wa kambini, na daktari aliyetazama macho ya watu, si karatasi peke yake. Nashukuru mume wangu, aliyewatuma wafanyabiashara wa Kikagate kumtafuta mjane wa ndugu yake na kumpa habari kwamba hana kosa, na watoto wake wapimwe. Mjane alijibu kwamba watoto atawapima. Kurudi, alikataa. Simlaumu.

Ninachowaomba ni hiki. Mtu akifa ghafula, ulizeni baba yake alikufaje, na shangazi, na babu, kabla hamjauliza nani alipika. Dawa yoyote, ya duka au ya porini, iwe na jina, na daktari wenu aijue.

Bado wapo hapa wanaotazama mikono yangu ninapopakua. Nawaona. Leo nimeleta maharage na sombe, viko pale mlangoni. Nitakula mimi kwanza.