Ta Ildefons Mwijage na Ukuta wa Mashariki

Juni 30, 2024, Ndugu Ildefons Mwijage, fundi mkuu wa majengo, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne na miezi minne ya kazi katika chuo chetu hapa Kagoma. Wanafunzi humwita Ta Ildefons, yaani Baba Ildefons kwa Kihaya, na walimu pia, hata wale waliomzidi umri. Aliajiriwa Machi 1990 kuziba mabati yanayovuja. Anatuachia bwalo ambalo wageni hulipiga picha kabla hata ya kutusalimia.

Wa siku nyingi hawajalisahau bwalo la zamani. Saa saba mchana lilikuwa tanuri. Mvua ikinyesha, kelele za bati zilimeza sala ya chakula, nasi tukaitikia amina kwa kukisia. Moshi wa kuni ulitoka jikoni ukaja kukaa nasi mezani. Mpishi mkuu, Ma Judica, alikuwa na macho mekundu mwaka mzima, na wanafunzi wapya wakadhani ni mkali. Ni mkali kweli, ila si kwa sababu ya macho.

Mwaka 2013 chuo kilipoamua kujenga bwalo jipya, Ta Ildefons aliomba alibuni yeye. Basi mwezi mzima tukamwona akibeba kigoda na sahani yake ya ndizi na maharage, anakwenda kula peke yake kwenye kiwanja kitupu, kila siku mahali tofauti. Tulicheka sana. Kumbe alikuwa anapima jua linapiga wapi saa ya chakula na upepo unaingilia wapi.

Alichagua matofali ya kufungamana, ya udongo wa hapa hapa na saruji kidogo, yanayofyatuliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa kivulini. Hakuna tanuru, hakuna mti uliokatwa. Dari ni la matete, na mvua sasa tunaisikia kwa adabu. Maji ya paa hujaza matangi mawili. Maganda ya ndizi, ambayo mkoa huu hautayakosa kamwe, huingia pamoja na samadi kwenye mtambo wa biogesi, na gesi hiyo ndiyo inayoivisha maharage.

Lakini wasifu wa sifa tupu angeukataa mwenyewe, kwa hiyo tuseme na kosa. Ta Ildefons aliyapenda mno matofali yake. Ili yaonekane vizuri kutoka barabarani, alilikata paa likawa fupi. Yeye, mtoto wa Kibeta, aliyekulia kwenye nyumba ya msonge ya bibi yake ambayo nyasi zake ziliteremka hadi karibu na ardhi! Bwalo lilifunguliwa Septemba 2014. Novemba mvua ya upande wa ziwa ikaja imelazwa na upepo, ikaupiga ukuta wa mashariki wiki tatu, na matofali yakaanza kumomonyoka kama mkate kwenye chai.

Kamati ya majengo ilitaka ukuta ubomolewe, bwalo lijengwe upya kwa matofali ya saruji, na fundi apewe barua ya onyo. Ta Ildefons alisimama mbele ya kikao akasema: "Kosa ni langu. Udongo hauna kosa." Akaomba masika moja tu. Barua alipewa hata hivyo, ikisema ameitia taasisi hasara kwa ujenzi usiofaa, ikawekwa kwenye jalada lake.

Alirefusha paa kwa mita moja na nusu, akainua msingi kwa mawe, akabadilisha matofali yaliyoharibika kwa mikono yake. Masika ikaja, ikapiga, ikaondoka. Ukuta ulibaki mkavu, na umebaki mkavu kwa masika kumi. Vyuo vitatu vimeshakuja kunakili ramani. Ma Judica ana macho meupe. Lalamiko pekee ni kwamba msimu wa senene wadudu hao watamu huingilia kwenye matundu ya hewa wakati wa chakula cha jioni, na hilo hatujapata mtu wa kulisaini.

Wiki iliyopita alimkabidhi ofisi Mwesiga, fundi anayempokea. Ukurasa wa kwanza wa kitabu cha makabidhiano si ramani. Ni maelezo ya kosa lake: paa la kwanza lilikuwa fupi, hiki ndicho kipimo, usirudie. Ameyaandika kwa mkono, na jina lake chini.

Niliposoma ukurasa huo niliona aibu. Katibu wa kamati aliyeandika barua ile ya onyo ni mimi. Miaka karibu kumi nimekula katika bwalo hilo, kwenye meza iliyo karibu na ukuta huo, na barua ikaendelea kukaa kwenye jalada. Yeye hakuwahi kunidai neno. Kila asubuhi ananiuliza habari za watoto.

Jumatatu niliipelekea kamati maombi ya kuifuta, na kamati imekubali. Ta Ildefons, jalada lako ni safi. Nilikosea, na nimechelewa kusema.

Asante kwa kazi yako. Nenda Kibeta ukapumzike na mkeo, Ma Theopista, mle vizuri, mlale mvua ikinyesha. Tunakuombea afya na miaka mingi, waitu, mzee wetu.

Alistidia Rugemalira
Katibu, Kamati ya Majengo