Mafundo Thelathini na Moja ya Bi Kamba

Ijumaa hii, tarehe kumi na tano, saa tisa na nusu alasiri, Bi Kamba atasaini daftari la mahudhurio kwa mara ya mwisho. Ameitumikia halmashauri yetu miaka ishirini na saba, miezi minne na siku tisa. Miaka ishirini na mitano kati ya hiyo ameitumikia barabarani, katika Kitengo cha Njia Salama, akiwapeleka watoto wa watu shuleni kwa miguu yao wenyewe na kuwarudisha wakiwa na miguu ile ile miwili.

Mhariri wa jarida hili alitafuta msomi wa kuandika wasifu huu, lakini wasomi wote wakawa na kazi nyingi. Basi nimepewa mimi, fundi baiskeli wa kitengo, niliyeiacha shule kabla shule haijanichoka, ila nimetembea nchi sita na kuziba pancha katika zote. Hakuna barabara isiyonijua. Na niseme mapema, nisije nikaonekana najikausha: naandika haya huku naogopa. Sababu mtaiona mbele.

Bi Kamba hakuanzia barabarani. Alianzia masjala, kile chumba cha nyuma chenye dirisha moja na makabati ya chuma, akifungua barua na kuzipanga kwenye majalada. Mwaka wake wa pili zilimpitia barua nne zinazofanana: mtoto, lori, kona ya ghala la saruji. Ya nne iliandikwa na baba mtu, kwa penseli. Akaipandisha juu kwa mhandisi wa wakati ule, naye akamwambia aiweke kwenye jalada lake. Akaiweka. Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, masjala imefungwa, mwenyewe yuko kwenye kona na mwavuli, anahesabu magari. Alihesabu wiki nzima. Mhandisi alipouliza ametumwa na nani, alijibu kwamba ametumwa na jalada.

Kamba iliyompa jina ilitoka stoo, ilikuwa ya kufungia turubai la lori la taka. Aliipiga mafundo thelathini na moja, kila mtoto na fundo lake. Msafara wake huanzia kwenye bomba la maji la mtaa wa juu, hupita mbele ya duka la mshonaji, huvuka barabara mara tatu, na kivuko cha tatu ndicho hicho cha kona ya ghala. Kabla ya kila kivuko yeye husimama mbele, huikaza kamba na kuitazama mpaka mkiani. Hatazami sura, maana watoto hubadilishana nafasi kama karata. Hutazama mafundo. Fundo lisiloshikwa hulegea na kuning'inia, na likining'inia hata moja, havuki mtu, hata kama nyuma kuna mkurugenzi anapiga honi.

Mwanzoni akina mama walimcheka kwamba anawaswaga watoto kama mbuzi wa mnada. Akawajibu kwamba mbuzi wa mnada wana bahati, wao huhesabiwa. Walichokichukia hasa ni mchezo wake wa “Kaa!” Njiani, bila taarifa, hugeuka na kupiga ukelele huo mmoja, na kila mtoto anatakiwa kuketi chini hapo hapo alipo, pawe na vumbi, pawe na tope. Wa mwisho kuketi hubeba filimbi ya Bi Kamba bila kuipuliza mpaka shuleni, adhabu ambayo kwa mtoto haina mfano. Akina mama waliandika barua ya kulalamikia sabuni. Bi Kamba aliifungua mwenyewe, akaisoma, akaipangia jalada.

Baiskeli alijifunza akiwa na miaka hamsini na mmoja, na mwalimu wake ndiye huyu anayewaandikia. Nimefundisha watu katika nchi sita, sijaona mwanafunzi anayependa mitaro kama yeye. Siku ya tatu alitumbukia mbele ya mkurugenzi, akaibuka na tope mpaka kwenye nyusi, akamwambia kwamba alishuka kuukagua mtaro na amekuta umeziba. Ulizibuliwa wiki hiyo hiyo. Mume wake, kinyozi mwenye mdomo mkali kuliko wembe wake, aliwatangazia wateja kwamba mkewe amepata kazi ya pili, kuogelea.

Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi uwanja wa shule hujaa familia na baiskeli zao. Baba anayempakia mwanawe kwenye keria haruhusiwi kuondoka mpaka tumefunga kitambaa kigumu pembeni mwa gurudumu la nyuma, kisigino cha mtoto kisiingie kwenye spoku. Vitambaa hivyo hushonwa bure na mshonaji wa mtaa wa juu. Mshonaji huyo ana binti. Nitamfikia.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu na manyunyu, miaka mitatu iliyopita. Mwalimu anayeshika mkia wa msafara aliumwa, nikajitolea. Kujitolea gani, nilijigamba. Nilisema mtu aliyeendesha baiskeli katikati ya malori ya bandarini akiwa na godoro kichwani hashindwi kufuata watoto.  Bi Kamba akaniambia, “Baba, kazi yako ni macho. Mikono weka mfukoni.”

Vivuko viwili tulivuka vizuri. Tulipokaribia cha tatu, binti wa mshonaji, wa miaka saba, aliyekuwa wa mwisho kwenye kamba, aliinama nyuma ya nguzo kutoa kijiwe kiatuni. Mimi sikumwona. Nilichokiona ni fundo la mwisho linaburuzika kwenye tope. Na mimi, kwa usafi wangu usio na akili, nikatoa mkono mfukoni, nikaliokota, nikalishika lisichafuke.

Mbele huko, ndani ya ukungu, Bi Kamba aliikaza kamba na kutazama. Mafundo yote yameshikwa. Hakuna linaloning'inia. Akainua kibao chake cha kusimamisha magari, tukavuka.

Tulipofika ng'ambo nilisikia mtoto analia nyuma yetu, “Nisubirini!” Nikageuka. Alikuwa ng'ambo ya pili, mkoba mgongoni, kiatu kimoja mkononi, anakimbia kuelekea barabarani. Na kwenye kona, nyuma ya ukuta wa ghala, lori linabadilisha gia. Jamani, nimesikia injini nyingi maishani, lakini ile naisikia mpaka leo nikiwa nafunga tu nati. Mimi bado nimelishika lile fundo. 

“Kaa!”

Sauti ya Bi Kamba ilipita juu ya vichwa vyetu. Watoto thelathini waliketi kwenye tope upande wetu. Na ng'ambo, kwenye ukingo wa lami, binti wa mshonaji naye akaketi, pwaa, akakumbatia kiatu chake. Lori la mchanga likapita kati yetu na yeye. Lilikuwa refu kuliko malori yote. Lilipokwisha kupita, alikuwa pale pale, ameloa matope mpaka kichwani, anauliza kama yeye ndiye wa mwisho kuketi.

Bi Kamba alivuka akamchukua, akamshikisha fundo lake, akaikaza kamba upya. Kisha akaniuliza, kwa upole unaochoma, tulipovuka tulikuwa wangapi. Nikasema thelathini na mmoja. Akasema, “Watoto thelathini na mpumbavu mmoja, mwanangu. Mpumbavu hana fundo.”

Hakuniambia zaidi, na ofisini hakunisema. Lakini tulipowafikisha watoto nilimkuta nyuma ya choo cha shule, ameshika ukuta kwa mikono miwili, anatapika. Nikadhani ni kwa sababu ya siku ile. Akaniambia hapana, siku ile imezidi tu. Akaniambia kwamba tangu barua ile ya penseli hajawahi kuonja chai kabla watoto hawajafika, kwa sababu tumbo huikataa. Kila asubuhi magoti yanamwambia arudi masjala. Sisi tuliokuwa tukimwita Jiwe la Kona tulikuwa tunasifia jiwe linalotetemeka.

Nilikwenda mwenyewe kwa mshonaji siku ile ile nikamweleza nilichofanya. Alisikiliza, mkasi mkononi, mpaka nikamaliza. Kisha akanipa rundo la vitambaa vya spoku, akasema wiki ijayo vingine.  

Sasa kazi alizozifanya, kwa sababu mhariri amesisitiza. Kona ya ghala ilipata mistari ya kivuko, matuta mawili na kibao cha mwendo, baada ya miaka sita ya Bi Kamba kumfuata kila mhandisi mpaka mlangoni kwake na hesabu za magari. Njia ya waenda kwa miguu kutoka bombani hadi shuleni, yenye ukingo wa zege wa kuzuia pikipiki, ni yake. Familia zaidi ya mia mbili zimejifunza baiskeli Jumamosi. Na lile jalada la kona analifungua kila mwanzo wa mwaka, anatia kidole ndani. Barua ni zile zile nne. Hakuna ya tano. Hicho ndicho cheti chake, vingine ni karatasi.

Mwezi uliopita tulikaa kikao kuamua nani ataipokea kamba. Mikono ilinyooka kama darasani. Mhandisi wetu kijana alisema ataishika kwa mkono mmoja, wa pili ashike simu. Karani wa mapokezi alisema yeye haogopi hata treni. Mimi, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nilinyamaza, nikawa nachunguza kucha zangu. Bi Kamba alizunguka meza, akaiweka kamba mapajani mwangu. Nikamwambia, “Mama, hapana, unanijua mimi.” Akasema ndiyo maana. Hawa wote hawaogopi, akasema, na mtu asiyeiogopa ile kona asipewe mtoto wa mwenzake.

Basi ndiyo hali. Na wiki iliyopita yale matuta mawili yamekwanguliwa ili iwekwe lami mpya, na mkandarasi anasema yatarudi mwezi ujao. Malori yameshagundua. Jumatatu nitasimama pale bila matuta, bila Bi Kamba, na watoto thelathini na mmoja nyuma yangu. Nimewapitia wazazi wao mmoja mmoja kuomba wawili wawili watusindikize mpaka matuta yarudi. Wa kwanza kukubali ni mshonaji. Binti yake, ambaye sasa ana miaka kumi, ameahidi kunifundisha kupiga “Kaa!” kwa sababu anasema yangu inafanana na kikohozi. Chai nimeshaacha kuinywa asubuhi. Haishuki.

Bi Kamba, wafanyakazi wenzako walitaka kukununulia kochi, ukakataa, ukasema zawadi unayoitaka ni namba moja tu, ya watoto waliofika, uambiwe kila siku ya shule. Tunakushukuru kwa miguu yote uliyoirudisha nyumbani. Wengi wa wenye miguu hiyo leo ni watu wazima na hawajui walikukosesha chai ngapi. Wewe na mzee wako kinyozi muwe na asubuhi ndefu, magoti yaliyotulia na baiskeli isiyoijua njia ya mtaroni.

Jumatatu, saa moja na dakika arobaini, kaa karibu na simu. Birika liwe limeshachemka, ila usimimine bado. Ikilia, ni mimi, nitakutajia hesabu ya watoto peke yao. Ukisikia thelathini na mmoja, mimina, Mama. Kunywa ya moto.