Unyayo Kwenye Ukuta wa Bi Maudie

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate, likitazamana na nyumba ndogo ya matofali ya Bi Maudie. Kahawa huletwa na Reg, tunayemwita Birika, naye huwamiminia wengine kabla ya kujimiminia. Asubuhi hiyo fundi Colin alikuwa keshaanza kukoroga plasta. Ukuta ulikuwa umechubuka, na Bi Maudie alitaka upigwe plasta kabla ya baridi. Plasta ingefunika hata lile tofali lenye unyayo wa mtoto, ambalo mwanangu hulipapasa kila tukipita. Bi Maudie alikuja kuketi nasi, uso umemshuka.

— Lifunike tu, mama, alisema Stan, tunayemwita Jaji. Huo ni uzembe. Matofali yalianikwa uwanjani yangali mabichi, mtoto akayakanyaga. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na tofali.

— Uzembe wapi! Birika akadakia. Hiyo ni sahihi. Fundi aliyelifyatua hakujua kuandika, akapiga muhuri kwa mguu.

— Mguu mdogo vile? akauliza Jaji.

— Alikuwa fundi mfupi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapa, wewe? akasema Jaji. Basi sikilizeni. Zamani matofali yalilipiwa kodi. Huyo ni mkaguzi wa kodi, alipita juu yake akihesabu.

— Mkaguzi wa miaka miwili?

— Serikali huwaanza wangali wadogo!

Hata Bi Maudie alicheka, kisha akatazama tena mwiko wa Colin uliojaa plasta.

Ndipo akapita Ioana, msambaza barua wetu mpya, akasimama na begi lake.

— Samahani, akasema. Matofali yote yamelala. Mbona hilo limesimamishwa?

Tukageuka. Kweli. Unyayo uko kwenye ule uso mpana, ambao kwa kawaida hulaliwa na chokaa ndani ya ukuta, usionekane na mtu.



— Labda aliyejenga alilewa, akasema Birika, lakini hakuna aliyemuunga mkono.

— Nimelipangusa kila Pasaka tangu niolewe, alisema Bi Maudie polepole. Fundi aliyejenga angelilaza tu, nani angejua?

Akageukia ukutani.

— Colin!

— Naam, mama!

— Hilo lizunguke. Usilifunike.

— Patabaki tundu, mama.

— Pabaki.

Colin akauzungushia ule unyayo mraba kwa kidole chake chenye plasta. Birika akainamisha chupa ya kahawa. Ilikuwa imebaki ya kikombe kimoja, na yeye alikuwa hajanywa. Akavuka barabara, akampelekea fundi.