Kura Sitini na Tatu za Chenga ya Siku ya Mvua

Mheshimiwa mgeni rasmi, nahodha wetu wa zamani, ambaye sote hapa tunamwita Kufuli, Kocha wetu mstaafu, uliyekaa safu ya mbele kabisa, Ndugu Mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki, wazazi wangu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi mliosimama kule mlangoni kwa sababu viti vimekwisha, Mjomba wangu akiwa mmoja wenu ingawa alipoingia viti vilikuwepo: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimemaliza shule mwezi uliopita. Huko shuleni sikuwahi kusimama mbele ya watu nikasema neno. Niliwahi kuimba kwaya, lakini nilipangwa mstari wa nyuma. Kwa hiyo mkiona siinui macho kwenye karatasi hii, msidhani nimeandikiwa na mtu.

Mtajiuliza, kwa nini basi Mwenyekiti alinichagua mimi kuwa katibu wa uchaguzi huu? Sababu ni moja tu. Siku hizo za raha mnazozisimulia, mimi sikuwa nimezaliwa. Kanuni yetu ilisema mpiga kura ampigie mchezaji aliyemwona kwa macho yake mwenyewe, na pembeni ya jina aandike ilikuwa siku gani na aliona nini. Mimi sikumwona yeyote, nikaonekana sina upande.

Tulikubaliana pia kwamba hatuhesabu magoli wala vikombe. Tunachagua ufundi, mmoja mmoja, wa tangu timu yetu ianze hadi leo. Na matokeo mnayaona ukutani, yameandikwa na mkono wa Mjomba, ambaye ndiye fundi wetu wa rangi. Kupiga kichwa: Mnara. Pasi: Posta, ambaye mpiga kura mmoja aliandika kwamba pasi zake zilikufikia hata kama ulikuwa umegeuka unabishana na refa. Penalti: Barafu, aliyekuwa akipiga miayo kabla ya kupiga mpira. Kudaka: Gundi. Na kukaba ni mgeni wetu rasmi, Kufuli. Juu yake niliandikiwa hivi: "Mshambuliaji wao alitoka pembeni kunywa maji, Kufuli akaenda naye, na nadhani maji yenyewe alianza kuyanywa Kufuli."

Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Kisha tukafika kwenye chenga.

Ndugu zangu, nilihesabu kura za chenga mara nne. Sabuni, thelathini na moja. Mkasi, thelathini na moja. Kura moja imeharibika, kwa sababu mwenyewe hakuandika jina. Mwenyekiti akatangaza kwamba zikibaki sare mpaka siku ya sherehe, nafasi ya chenga ukutani itapakwa chokaa. Je, timu ya mpira isiyokuwa na mpiga chenga ni timu gani?

Lakini mimi sikuogopa chokaa. Niliogopa jambo la nyumbani. Baba yangu ni kinyozi, na kwake hakuna aliyepiga chenga isipokuwa Sabuni. Mjomba wangu, kaka yake Mama, ni mtu wa Mkasi. Mnajua desturi ya tawi letu: anayesifu chenga kwa mdomo lazima aionyeshe kwa miguu. Basi Jumamosi moja, mteja akiwa amekaa kwenye kiti na nusu ya kichwa imenyolewa, nilisikia haya kwa masikio yangu.

"Shemeji, ile chenga ilikuwa ya Sabuni. Mvua yote ya siku ile ilininyeshea mimi."

"Ilikuingia machoni, shemeji. Yule alikuwa Mkasi. Wewe ulikuwa unatazama mwamvuli wako."

"Onyesha basi!"

"Naonyesha! Sogea!"

Mjomba akaegemea kushoto, akauvuta kwa wayo mpira uliokuwa chini ya benchi, akaugeuza kulia, ukamponyoka. Kioo kikubwa cha Baba kikapasuka kutoka kona hadi kona.

Baba akasema, "Umeona? Sabuni asingepasua."

Tangu siku hiyo Mjomba, aliyekuwa akila kwetu kila Jumapili, hakukanyaga tena. Jumapili saba. Mama ananituma nimpelekee chakula, naye ananirudishia bakuli likiwa limeoshwa vizuri, na ujumbe ni ule ule: "Wasalimie wote, isipokuwa mmoja." Na ninyi mnajua Mama alivyo. Hagombezi mtu. Ila Jumapili ya saba nilimwona amepakua sahani ya kaka yake, akaiweka mezani, kisha akakumbuka.

Siku hiyo nikazitoa tena kura zote. Nilikuwa nimehesabu majina tu, sikuwa nimesoma yale ya pembeni. Nikaanza kusoma. Wa Sabuni: "Nusu fainali, siku ya mvua, aliwapita wanne, mpira ukagonga mwamba." Wa Mkasi: "Siku ya mvua, nusu fainali, wanne, mwamba." Sabuni tena: mvua, wanne, mwamba. Mkasi tena: mwamba, wanne, mvua. Ndugu wageni waalikwa, zote sitini na mbili! Mlikuwa uwanja mmoja, mkaona chenga moja, na kwa kuwa haikuwa goli, haikuandikwa popote. Wachezaji walijaa tope kuanzia nywele hadi njumu, namba hazisomeki, kila mtu akamvika sifa mchezaji aliyempenda.

Hata ile kura iliyoharibika nikaisoma. Ilisema: "Jina silijui, alijaa tope. Ni yule aliyewapita wanne, akagonga mwamba. Wawili wanaobishana nyumbani kwangu nao hawamjui." Mwandiko niliutambua, lakini kura ni siri, kwa hiyo simtaji. Mama, usinikazie macho.

Sasa, alikuwa nani kati ya wale wawili? Nilijikaza, nikampigia simu Sabuni. Akasema, "Mwanangu, siku ile misuli ilinikamata. Nilikuwa nimelala nje ya mstari nanyooshwa mguu. Nilisikia kelele, nikajua Mkasi kafanya mambo." Nikampigia Mkasi. Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi nilikuwa nimeshatolewa! Nilikuwa bafuni. Miaka yote nawaambia watu ni Sabuni, wao wanasema najishusha."

Mnacheka? Mimi nilikaa chini.

Wiki iliyopita nilitumwa kumpelekea mgeni rasmi barua ya mwaliko. Wengi mnajua kwamba siku hizi yeye ni mwalimu wa udereva. Nilimkuta ndani ya gari la mafunzo, amemaliza kumfokea mwanafunzi. Nikampa barua, nikamweleza shida yangu yote bila kupumua. Akanitazama. Akatazama barabara.

"Binti," akasema, "ingia. Funga mlango. Funga na mkanda."

Mheshimiwa mgeni rasmi, ulinipa ruhusa niyaseme haya leo. Ulisema mbele ya watu wengi namna hii hakuna wa kukufukuza. Natumaini bado ni hivyo.

Siku ile ya mvua, kabla ya mechi, Kocha alikuwa amewaapia mabeki wake kwamba yeyote atakayevuka mstari wa kati, fainali ataitazama akiwa jukwaani na mashabiki. Lakini dakika za mwisho Kufuli alinyang'anya mpira, akainua macho, akaona mbele kweupe. "Nikavuka, binti," aliniambia. "Nikampita mmoja, nikasema narudi. Nikampita wa pili, nikasema sasa narudi. Wa nne nilimpita kwa aibu." Mpira ulipogonga mwamba, akageuka, akakimbia mpaka nyuma, akasimama mahali pake kama mtu ambaye hakutoka nyumbani. Uwanja mzima ukawa unaimba majina mawili, na lake halimo. Akanyamaza, kwa sababu aliitaka ile fainali. Akaendelea kunyamaza miaka ishirini na miwili, na kila siku anawafundisha watu wasivuke mstari barabarani.

Kocha, tafadhali, kaa. Kocha. Mwenyekiti, msaidie Kocha akae.

Ndugu wageni waalikwa, kwa wale wa nyuma ambao hamkusikia, Kocha anasema fainali ile angemweka benchi. Sasa anasema kwamba hata leo anaweza kumweka benchi. Sasa anampa mkono. Anamkumbatia. Naomba tuwasubiri kidogo.

Asanteni. Naendelea, nakaribia mwisho.

Kanuni yetu ilisema kura ni ya macho. Macho yenu hayakukosea hata mara moja. Yaliyokosea ni majina. Nililipeleka jambo hili kwa Mwenyekiti jana. Aliomba maji, kisha akagonga muhuri. Kwa hiyo, kwa heshima kubwa, natangaza kwamba mpiga chenga bora wa timu yetu wa nyakati zote ni beki, Kufuli, kwa kura sitini na tatu kati ya sitini na tatu. Ile iliyoharibika imo, tena ndiyo pekee iliyokuwa sahihi tangu mwanzo.

Baba. Mjomba. Jumapili saba mmenuniana, na muda wote huo mlimpigia kura mtu mmoja.

Baba anasema, "Shemeji, kumbe hata wewe hukuona kitu!" Na Mjomba anajibu, nanukuu, "Mimi niliona tope lako na langu!" Sijui maana yake, lakini anakuja huku mbele, na kopo la rangi analo mkononi.

Namshukuru mgeni rasmi kwa ukweli wake, Kocha kwa msamaha wake, na Mwenyekiti kwa muhuri wake. Nawashukuru nyote mlionivumilia na kunisikiliza hadi neno hili la mwisho. Mjomba, nafasi ya chenga iko juu kabisa, utahitaji kupanda. Baba, tafadhali, mshikie ngazi. Kwa mikono miwili.